Godoro la Ilunga na Nguzo za Reli

Kamina, siku ya mvua ya kwanza

Mama yangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla ya neno lolote naulizia mguu wako. Uvimbe umeshuka? Ile dawa ya mizizi ya Shangazi bado unainywa, au umeimwaga nyuma ya nyumba kama kawaida yako? Na paa halivuji? Mimi ni mzima. Yaani, mzima kwa jumla. Napumua kwa tundu moja la pua, lakini napumua, na Mungu ashukuriwe.

Yaya Feza, dada yangu mkubwa, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke popote. Najua tabia yako ya kuruka penye damu. Ukiruka humu hutabakiwa na cha kusoma.

Mama, katika barua uliyompa yule mwendeshaji wa treni uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli nimevunjwa pua katika mchezo wa wendawazimu, na kama ni kweli niuache leo hii nirudi Kalemie nikae na watu wangu. La pili ni godoro la marehemu Baba: Mjomba anataka lichomwe moto kama desturi inavyotaka, nawe mkono wako umekataa, umeliegemeza ukutani nyuma ya jiko na kila siku unalizunguka ukienda kuchota maji. Nitayajibu yote mawili. Jibu lake ni moja, tena ni refu, kwa hiyo Feza avute kiti.

Unakumbuka nilipohamishiwa huku sikujua mtu. Mchana nachomelea vyuma karakana ya reli, jioni narudi chumbani, nasonga bukari yangu, nakula nikitazama ukuta. Aliyenitoa humo ni Ilunga, fundi wa breki za mabehewa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aligonga mlango, akachungulia sufuria yangu, akasema, "Weye muntu ya Kalemie, unakula peke yako sawa muchawi. Kuya huku." Akanipeleka kwake, mkewe Mujinga akanipakulia sombe la majani ya muhogo na samaki mkavu wa Kinkondja, na watoto wao wakanipanda mgongoni kabla sijanawa mikono. Kesho yake Ilunga akanipeleka uwanjani.

Ndipo nikaijua raga. Mpira wake, Mama, umechongoka kama papai, na watu kumi na watano upande huu na kumi na watano upande ule wanagombea kuubeba hadi nyuma ya mstari wa wenzao na kuugusisha chini. Mwenye mpira unaruhusiwa kumkumba ukamwangusha. Hiyo ndiyo sheria kubwa. Sheria nyingine zipo, lakini mtu akishakanyagwa mara moja hazikumbuki. Hakuna anayelipwa. Nusu yetu ni watu wa reli waliokuja kutoka kila pembe, nusu ni vijana wa familia za wakulima Wakatoliki, wenyeji wa hapa. Uwanja ni wa misheni. Zamani ilikuwa mihogo, Padre akatuazima.

Sasa sikiliza, maana ubaya wote umetoka hapa. Mtu wa reli ana ugonjwa mmoja: haamini mti. Mahali pengine watu husimamisha milingoti ya goli ya mbao. Wazee wa klabu yetu walisema mbao italiwa na mchwa, wakamwomba mkuu wao wa zamani vipande vya reli chakavu, wakavisimika vinne, viwili kila upande, na miguu yake wakaizika katika zege. Baba yetu ulimjua, mtu wa reli yule, naye angefanya hivyohivyo. Tulijivunia nguzo zile kuliko ushindi. Wageni wakija tulikuwa tunazigonga kwa nyundo zilie uwanja mzima, ili watu wale wajue wamefika kwa wanaume. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba chuma hakibagui mgeni na mwenyeji.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha walikuja watu wa Luena, mji wa reli na makaa ya mawe. Wana vifua vya wachimbaji hata wale ambao hawajawahi kushika sururu. Tulipigana nao kwa haki, midomo ikapasuka, mmoja wetu akang'olewa jino, mambo ya kawaida. Kisha Ilunga akapata mpira pembeni, akakata ndani, akakimbia kuelekea kwenye nguzo huku tukimpigia kelele. Mtu wao wa mstari wa mbele, anaitwa Nday, mnene, shingo hana, akamkumba kwa ubavu. Mama, nilikuwa nyuma yao kabisa. Mkumbo ule ulikuwa halali. Lakini Ilunga alikuwa ameinamisha kichwa ili agusishe mpira chini, na kichwa kikaenda kwenye reli. Chuma kikalia vilevile kilivyokuwa kinalia tukikigonga wenyewe kwa nyundo. Damu ilimtoka sikioni, nyeusi, na miguu yake ikaendelea kukimbia pale chini kwa muda kidogo.

Watu wakavamia uwanja. Sijui walitoa wapi fimbo, sijui walitoa wapi mawe, uwanja wetu hauna mawe. Watu wa Luena walipigwa mpaka kwenye miti ya misheni, na mmoja alivunjwa mkono kwa mpini wa jembe. Nday hakukimbia. Alipiga magoti pale penye Ilunga, na wakampigia hapohapo, mateke, ngumi, mama mmoja akampasua kisogo kwa beseni lake la mikate. Na mimi nilimpiga. Nilimpiga teke la mbavu, nikasikia kitu kikivunjika, nikaona raha. Hakujikinga wala hakunitazama. Alikuwa anamtazama Ilunga na kurudia, "Amuka, ndugu. Amuka." Padre ndiye aliyemwokoa, alimlalia juu kwa kanzu yake nyeupe, na wengine waliendelea kupiga hadi kanzu ikapata damu.

Hospitalini kuna kitanda, lakini kitanda ni vyuma vitupu. Godoro unaleta mwenyewe. Mujinga akabeba la kwake kichwani, lile la mistari ya bluu, ndilo pekee katika nyumba ile, walilolala wote wawili na mtoto mdogo katikati. Ilunga akalala juu yake bila kufumbua macho, na juu yake akafa.

Kilio kiliwekwa uani kwao, na hapo nikaona klabu ni kitu gani. Jeneza tulilichonga sisi kwa mbao za mabehewa. Beseni liliwekwa mlangoni kama desturi, kila aingiaye atie chochote. Lakini waombolezaji walikuwa wengi, na kulisha kilio si mchezo, kwa hiyo tukatoka kwenda sokoni kuchangisha. Tulichora mstari chini, tukamsimamisha Kabange, jitu letu la mstari wa mbele, tukatangaza: atakayemsukuma avuke mstari atachukua jogoo, na kila anayejaribu atoe kopo la mahindi. Watu wa Kamina hawaijui huruma, Mama. Walimjia kwa mabega, kwa vichwa, mwendesha baiskeli mmoja alimjia na baiskeli yake. Kabange alitema damu, akafuta, akaita mwingine. Magunia yakajaa. Mwishowe akaja Mama Kalenga, muuza chumvi, mnamjua mtu wa namna hiyo hata Kalemie, akavua viatu, akampiga bega la tumboni, na jitu likakaa chini likishika tumbo. Alipopewa jogoo alimrudisha kwenye michango, akasema, "Ya Ilunga, ile. Minyi nilitaka tu kupiga muntu." Sokoni kote walicheka, kisha wakalia.

Matanga yalipokwisha, ndugu mkubwa wa marehemu, Banza, alisimama akasema neno la ukoo. Vitu vya marehemu vigawanywe, na godoro alilofia litupwe porini au lichomwe, maana alilofia mtu halirudi ndani. Mujinga alilitoa nje, akaliegemeza ukutani. Akawa analala kwenye mkeka na watoto. Ulipoandika habari za ukuta wako wa jiko, Mama, nilimwona Mujinga.

Padre naye akatuita. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa. "Mimi nimezika mmoja," alisema, "sitazika wa pili. Muzifunike zile chuma, ao mvua ikifika bakulima baingie na majembe yabo." Nguzo kuzikata hatukuweza, kwani mtu akionekana Kamina anakata reli analala mahabusu, hata iwe chakavu vipi. Na wakulima walikuwa wameshaanza kuja jioni kuupima uwanja wetu kwa macho. Nilihisi kama wanaupima mlango wa nyumba yangu. Uwanja ule ukilimwa, mimi huku narudi kuwa mtu wa kula peke yake akitazama ukuta.

Kwa hiyo tukaandaa mechi ya kuchangia magodoro mapya ya kuzifunika nguzo, na tukaamua tuicheze na Luena. Ndiyo, na Luena. Wazee walisema ugomvi usipozikwa mapema unaota. Kiingilio kiwe kitu chochote, fedha, samaki, makaa, unga. Ili Padre aruhusu siku hiyo moja, tulijaza magunia maganda ya mahindi, tukazifunga nguzo zote nne, tukaenda kulala tukijiona mafundi. Asubuhi tukakuta mbuzi wamekula nguzo za upande wa misheni. Wamekula maganda, wamekula na gunia, wameacha kamba.

Watu walikuwa wameshajaa. Luena walikuwa wameshashuka na magunia yao ya makaa, Nday akiwa amefungwa mbavu, na watu wetu wameanza kusaga meno. Padre alisimama katikati ya uwanja, mikono kifuani. Alisema hapana. Nyuma yake wakulima walikuwa wametulia sana, utulivu wa watu wanaoona mihogo.

Ndipo akaja Mujinga. Alikuwa anasukuma baiskeli ya marehemu, na juu ya baiskeli godoro lile la mistari ya bluu limekunjwa na kufungwa kwa kitenge. Watu wakampisha, lakini hawakumpisha kwa heshima, walirudi nyuma kama mtu anayekwepa siafu. Kina mama wakafunika vinywa. Akafika kwenye nguzo ileile, akafungua kitenge, akasema, "Nimeleta. Mufunge."

Hakuna aliyelishika. Kabange, aliyekula vichwa vya soko zima, alijificha nyuma yangu. Na mimi, Mama, nisidanganye, nilirudi nyuma hatua moja pamoja na wengine.

Banza akatoka katika umati akipiga kelele. "Huyu bibi iko wazimu! Unaleta kufa ya ndugu yangu mbele ya bantu, bacheze nayo?" Akalishika godoro alivute. Mujinga hakuachia. Banza akamburuta nalo juu ya vumbi, mara mbili, kitambaa cha kichwa kikamvuka, goti likachubuka hadi nyama, na yeye kang'ang'ania tu mshono wa godoro. Aliposimama alimwambia shemeji yake maneno haya, na sauti yake haikupanda: "Iyi matela haikumuua. Chuma njo ilimuua. Kama iyi matela ingekuwa hapa siku ile, minyi ningekuwa na bwana."

Banza akainua mkono ampige. Mkono ule nikaudaka mimi. Basi, Mama, uliuliza pua: hapo ndipo ilipovunjika. Alinipiga kichwa cha uso, kimoja tu, nikasikia mfupa ukienda kulia. Nilipofumbua macho nilikuwa nimemng'ata sikio. Binamu zake wakanirukia, mstari wetu wa mbele ukawarukia binamu, na ghafla klabu nzima ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe, watu wa reli na wana wa wakulima waliokuwa wanavaa jezi moja, ngumi za miaka mingi, wengine hata hawajui za nini. Mtu alimpiga mwenzake kwa samaki mkavu wa mchango mpaka samaki akavunjika. Watu wa Luena walibaki wamesimama, wageni wa watu, wanatazama.

Aliyetembea ni Nday. Alipita katikati yetu kama hatupo, ngumi mbili tatu zikampata njiani, hakuzirudisha. Akainama mbele ya Mujinga, mbavu zikamuuma akaguna, akalichukua godoro kwa mikono yote miwili. Alilikumbatia kabisa, shavu lake juu ya doa la damu ya Ilunga. Wa kwanza waliomwona waliacha kupigana, kisha wengine.

Nday akasema, "Kama Ilunga anatafuta muntu, anikamate minyi. Minyi njo nilimuangusha. Benyi woga baende mbali. Leta kisu na kamba."

Mujinga mwenyewe ndiye aliyempa kisu. Nday akalikata godoro nusu kwa nusu kwa urefu, akaizungushia nusu ya kwanza ile nguzo iliyomuua Ilunga, akafunga, akakaza kwa goti. Ya pili hakuifunga peke yake, maana Banza alikuja, sikio likichuruzika damu mpaka kwenye kola, akashika ncha ya kamba bila kumtazama mtu. Wawili hao wakavuta pamoja. Padre akatazama nguzo, akatazama wakulima, akajipangusa uso, akasema mcheze.

Tulicheza, Mama. Nilitia kitambaa puani nikaingia. Sijawahi kuona mechi mbaya kama ile na sitaki kuona nzuri kuliko ile. Katika ule msukumano wa vichwa na mabega nilikutana na Nday uso kwa uso, mbavu nilizozivunja mimi zikiwa begani kwangu, na nilisikia anavyovuta pumzi. Nilimwambia, "Samahani." Akaniambia, "Sukuma." Nikasukuma. Tulisukumana hadi damu ya pua yangu ikamlowesha shingo ile asiyokuwa nayo.

Kipindi cha pili kilipokuwa kinaelekea ukingoni tulikuwa tunalinda upande wa misheni. Kijana wao alikuja na mpira, mwepesi, nikamfuata kwa pembeni, nikajirusha. Nilimpata miguuni, lakini yeye alipoanguka mimi nilipitiliza. Niliiona nguzo ikija. Mikono yangu ilikuwa imebanwa chini yake. Mama, pale huombi, hakuna muda, niliona tu mistari ya bluu.

Kichwa changu kikaingia katika godoro. Nilisikia reli nyuma yake, ngumu, ilinigonga kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi chumba cha pili. Nikalala pale. Na kwa tundu langu moja la pua nikanusa moshi wa jiko la Mujinga na grisi ya breki, ile grisi ambayo Ilunga hata aoge vipi haikumtoka. Kisha nikaamka. Mujinga alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono kichwani, aliponiona nimeamka akakaa chini na kulia kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi. Nilikwenda nikakaa naye. Mechi ikaendelea bila mimi, na tulifungwa.

Michango ilikuwa mingi, lakini samaki na makaa kuliko fedha, ikatosha godoro moja tu. Jioni ile wazee walikaa kuizungumza, na mazungumzo hayakuchukua muda. Banza mwenyewe ndiye aliyesema kwamba mke wa ndugu yake analala chini. Kwa hiyo godoro lililonunuliwa ni moja, jipya, na liko nyumbani kwa Mujinga, watoto wanalirukia kutwa. Nguzo za upande wa misheni zina godoro la Ilunga. Wachezaji wetu siku hizi wakipita hulipiga kofi dogo, na wakulima wamekwenda kulima bonde jingine. Nguzo za upande wa stesheni bado zina magunia ya maganda. Leo mvua imeanza. Magunia yameshalowa, na Padre amepita asubuhi akayabonyeza kwa kidole.

Sasa jibu lako, Mama. Sitaacha raga, na sitarudi bado. Uliniambia nirudi kwa watu wangu, na ninakupenda sana kwa neno hilo, lakini watu wangu wengine wako hapa. Na godoro la Baba lisichomwe. Likunje, lifunge kwa kitenge chako chochote cha zamani, mpe yule mwendeshaji wa treni, mwambie ni la fundi wa kuchomelea, Kamina, ananijua. Baba aliitumikia reli maisha yake yote. Nikianguka upande ule wa stesheni, nataka niangukie kwake.

Msalimie Shangazi wa dawa za mizizi, mwambie pua haina mzizi wake, asihangaike. Msalimie Mzee jirani wa upande wa ziwani, na mkewe anayekuletea maji. Watoto wa Feza wabusu wote, mwambie yule wa mwisho nitamtengenezea gari la chuma. Na Mjomba umsalimie kwa heshima kubwa. Mwambie desturi naijua na sijaidharau, ila kiberiti akirudishe mfukoni, na akusaidie kulibeba godoro mpaka stesheni.

Ni mimi mwanao, mwenye pua ya kulia,
Kalumba